Vitenzi vya Kiingereza Visiwavunje Moyo Wanafunzi Wetu

Mwaka wa 1995, nikiwa kidato cha kwanza, barua ilifika nyumbani kwetu Kikoneni kutoka shule ya bweni niliyokuwa nikisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, tena ya sentensi mbili tu. Iliwaarifu wazazi kwamba shule imewaletea "breakdown" ya karo ya muhula uliokuwa ukija, na kwamba maelezo kamili yamo katika ukurasa wa pili. Ukurasa huo wa pili haukuwamo ndani ya bahasha.

Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa mkata miwa katika mashamba ya Ramisi hadi kiwanda kile cha sukari kilipofungwa mwaka wa 1988, hakukijua Kiingereza. Alimwita kijana wa jirani aliyekuwa amemaliza darasa la nane, akamwomba amsomee. Kijana yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alilitazama neno lile, akaligawa vipande viwili kama mtu avunjaye nazi, akasema: "Break ni kuvunja, down ni chini. Mzee, karo imevunjwa, imeshushwa chini." Baba alimshukuru Mungu. Alikuwa ametenga mbuzi wawili kwa ajili ya karo, akauza mmoja.

Shule zilipofunguliwa tulifuatana naye. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akasimama mbele ya dirisha la karani wa fedha, akahesabu noti zake moja baada ya nyingine. Karani alizipokea, akacheka, kisha akampa ile orodha iliyokosekana katika bahasha. Karo haikuwa imepungua hata senti moja. Siku hiyo hiyo nilirudi nyumbani pamoja na baba, nikakaa majuma matatu hadi mbuzi wa pili alipopata mnunuzi. Njiani baba hakusema neno. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponiuliza: "Kwani kilichovunjwa ni nini?"

Nimefundisha isimu katika chuo kikuu kwa miaka mingi sasa, na sijapata kuulizwa swali la maana kulishinda hilo. Ninalirejelea leo kwa sababu nimeshuhudia kwa macho yangu kwamba neno lile lile lililomfedhehesha baba bado linawafedhehesha watoto wetu, tena safari hii katika chumba cha mtihani.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, na mpwa wangu aliye katika shule ya upili akanionyesha karatasi yake ya Bayolojia. Swali moja lilimtaka aeleze jinsi wanga unavyokuwa "broken down" mdomoni. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake cha kujikokota, kwamba meno huvunja chakula vipande vipande, na kwamba ulimi hukisukuma chakula hicho chini mpaka tumboni. Alama alizopata ni sifuri. Mwalimu aliyesahihisha alifuata mwongozo wake, na siwezi kumlaumu. Lakini nilipomuuliza kijana kwa Kiswahili wanga hufanywa nini mdomoni, alinijibu bila kusita: "Mjomba, mate yana kimeng'enya kinachougeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana muhogo wa kuchemsha ukiutafuna sana huanza kuwa mtamu." Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika hivyo. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini hawakuuliza hivyo," akasema. "Waliuliza unavyovunjwa kwenda chini."

Kijana huyu aliijua sayansi iliyotahiniwa. Kilichomwangusha ni vijineno viwili vya Kiingereza cha kila siku, navyo hakuna aliyewahi kumfundisha kwa njia inayofaa. Wangapi kama yeye wanaoketi kila mwaka katika vyumba vya mitihani, toka Lunga Lunga hadi Lodwar, wakiandikiwa kwamba hawajui jambo wanalolijua?

Hebu tukitazame kitenzi chenyewe. Gari likikufia njiani baina ya Kikoneni na barabara kuu ya Lunga Lunga, Mwingereza atasema "it broke down". Askari wakiupiga mlango teke ukafunguka kwa nguvu, walifanya "break down". Mazungumzo ya walimu na serikali yakikwama bila mapatano, nayo yamefanya "break down". Mama aliyejikaza siku nzima kwenye matanga, kisha akaangua kilio mwili wa mwanawe unapotolewa, naye Mwingereza humsema kwa maneno hayo hayo. Majani ya mkorosho yakioza na kugeuka mbolea, au wanga ukigeuka sukari mdomoni, ni "break down". Mhasibu akichanganua matumizi kifungu kwa kifungu, na hapa ndipo alipokwama marehemu baba, ni "break down" vile vile. Na ukiyaunganisha maneno hayo mawili kuwa nomino, madereva wetu wa Kwale watakuambia kwamba "breakdown" ni lile gari lenye winchi lijalo kuvuta magari mabovu. Yaani neno lililoanza kwa kutaja ubovu limegeuka jina la msaada wenyewe!

Mwanafunzi anayekabiliwa na orodha kama hiyo ana haki ya kukata tamaa. Huona lugha isiyo na utaratibu, ambamo neno moja hubadili sura kama kinyonga. Mara nyingi mwalimu naye humwambia: "Haya hayana kanuni, yakariri tu." Mimi nasema kauli hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, utaratibu upo. Pili, mwanafunzi wa Kikoneni anaujua utaratibu unaofanana nao tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, kwa maana umo katika lugha yake mwenyewe.

Chukua kitenzi chetu cha kuvunja. Tunavunja nazi, na hapo maana yake ni ya wazi, ya kugonga kitu kigumu kikapasuka. Lakini pia tunavunja ahadi, ndoa na mkutano. Msichana huvunja ungo, na hakuna ungo wowote uliopasuka. Sisi wa pwani huvunja jungu katika siku za mwisho za Shaaban kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani, na vyungu vyetu hubaki salama jikoni. Mcheshi hutuvunja mbavu tukarudi nyumbani tukiwa wazima. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2020, Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kutotimiza sharti la Katiba kuhusu uwakilishi wa jinsia, nchi nzima ilijadili suala la kuvunjwa kwa Bunge, wala hakuna mkulima wa Kwale aliyedhani kwamba mafundi wangetumwa Nairobi kubomoa jengo.

Kwa nini hatukanganyiki? Ni kwa sababu hatujifunzi kuvunja peke yake. Tunajifunza kuvunja pamoja na jirani yake. Masikio yetu husubiri neno linalofuata, na neno hilo ndilo hutupa maana. J. R. Firth, aliyeteuliwa mwaka wa 1944 kuwa profesa wa kwanza wa isimu kwa jumla nchini Uingereza, aliijenga sehemu kubwa ya mafundisho yake juu ya wazo kwamba maana ya neno hutambulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Wazee wetu walilijua hilo bila kupitia London.

Tofauti baina ya lugha hizi mbili ni mahali pa kuweka huyo mwandani wa kitenzi. Kiswahili hupenda kumweka katika nomino inayofuata, kama tulivyoona katika kuvunja ungo na kuvunja jungu. Aidha, Kiswahili humweka ndani ya kitenzi chenyewe, katika viambishi tamati. Ukivunja heshima ya mtu, umemvunjia heshima. Kikiwa kimevunjwa bila kumtaja mvunjaji, kimevunjika. Ukitaka kuonyesha kwamba umekikomesha kitu hata kisirudi tena, utakivunjilia mbali. Msomaji na aitazame vizuri kauli hii ya mwisho: kitenzi, kisha kijineno cha mahali ambacho hakitaji mahali tena. Tunavunjilia mbali kamati, tunatupilia mbali hoja, na hatupimi umbali wowote. Vivyo hivyo mtu akikasirika tunasema amekuja juu, ingawa amekaa kwenye mkeka. Mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani ina kauli kama hizo hawezi kuambiwa kwamba "break down" ni uchawi wa kigeni. Ni binamu wa kuvunjilia mbali.

Kiingereza, kwa upande wake, kilipoteza sehemu kubwa ya viambishi vyake karne nyingi zilizopita. Mabaki yake yangalipo katika vitenzi kama "understand" na "overcome", ambamo kijineno kimeganda mbele ya kitenzi. Kwa hivyo kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi vya mnyambuliko, kule hufanywa mara nyingi na vijineno vifupi kama "up", "down", "off" na "out", ambavyo husimama nje ya kitenzi kama walinzi mlangoni. Na vijineno hivyo vina tabia zinazoweza kuelezwa. "Down" kilianza kwa kutaja mwelekeo wa kutoka juu kwenda chini. Kutoka hapo kikachukua maana ya kupungua, kwa kuwa kinachoshuka hupungua: mwendo hupungua, hasira hutulia, matumizi hukatwa. Kisha kikachukua maana ya kukoma, kwa kuwa kinachopungua sana hukoma: duka hufungwa, mtambo huzimwa, gari hufa. Ukivunja kitu hadi kipungue, utabaki na sehemu zake ndogo. Na hapo ndipo wanga unapokuwa sukari, na karo inapokuwa chakula, vitabu na malazi. Maana zile zote nilizozitaja hukaa kwenye njia moja, kama vijiji vilivyofuatana.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu wa Kiswahili angeweza kumsaidia nalo mwenzake wa Kiingereza. Kiingereza hutumia "break down" bila kujali kama mtu anatenda au kitu kinatendeka chenyewe. Askari na mlango, kimeng'enya na wanga, gari peke yake: umbo la kitenzi ni lile lile. Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Lazima tuchague baina ya kuvunja na kuvunjika, kuharibu na kuharibika. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wetu ana chombo ambacho mtoto wa London hana. Afundishwe kuuliza, kila akutanapo na kitenzi cha aina hii: yupo anayetenda, au kitu kinatendeka? Kinachotendwa ni nini: mlango, hesabu, au wanga? Akijibu maswali hayo mawili, maana nyingi kati ya zile zitakuwa zimekwisha kujitoa zenyewe, na itakayobaki itakuwa ndiyo.

Wala tusidhani kwamba ugumu huu ni wetu sisi Waafrika peke yetu. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka wa 1755, alikiri katika utangulizi wake kwamba maungano haya ya kitenzi na kijineno ndiyo yanayowasumbua sana wageni, naye akajitahidi kuyakusanya. Hata jina ambalo wanaisimu wa Kiingereza huyaita leo, "phrasal verbs", lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka wa 1925. Yaani wenye lugha yenyewe walikaa nayo mamia ya miaka kabla ya kuipa mbinu hii jina linalokubalika na wengi. Mtoto wa Kikoneni hapaswi kuona haya akihitaji mihula miwili.

Historia hutufunza jambo jingine pia. Baada ya Wanomandi kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, Kifaransa na Kilatini vilitawala mahakamani, kanisani na katika elimu. Maneno ya asili hiyo yakapata hadhi, na maungano haya mafupi yakaendelea kuishi jikoni, shambani na sokoni. Mpaka leo msomi huandika "decompose" ambapo mkulima husema "break down". Hali hii si ngeni kwetu, kwani tunajua tofauti ya ladha baina ya kuahirisha mkutano na kuusogeza mbele. Nasi tumewarithisha wanafunzi wetu mizani hiyo. Tunawasifu wanapotumia maneno marefu ya Kilatini katika insha, na vitenzi vya jikoni tunavipitia mbiombio kama zoezi la ukurasa mmoja. Matokeo yake ni kwamba nimewakuta wanafunzi wa chuo kikuu wanaoweza kuandika kwa ufasaha juu ya falsafa, lakini wanaohangaika na barua ya mwenye nyumba.

Najua kwamba wako walimu watakaonipinga. Watasema kwamba tangu zamani tumeambiwa Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, na kwamba kuingiza Kiswahili au Kidigo darasani ni kumchanganya mtoto. Hoja hii haifai kubezwa, kwa kuwa ina chembe ya ukweli ndani yake. Tafsiri ya neno kwa neno humchanganya mtoto kweli, na mimi ni shahidi, kwani ilimgharimu baba mbuzi mmoja wa heshima yake. Lakini ninachokipendekeza ni ulinganishaji, na huo hufanya kazi kinyume cha tafsiri ya namna hiyo. Yule kijana wa jirani alikosea kwa sababu alibadilisha kila kijineno kwa kijineno cha kwetu, akaunganisha. Mwenye kulinganisha angeuliza: Mwingereza anaposema hivi, jambo gani limetokea, nasi tungelisemaje? Swali kama hilo halizai Kiingereza kibovu. Humzuia mtoto asikivunje kila kitu kwenda chini.

Isitoshe, tafsiri ya neno kwa neno ambayo tumeifukuza darasani kwa mlango wa mbele imeingia katika Kiswahili chetu kwa dirisha la nyuma. Sikilizeni redio, someni hata magazeti yetu haya. Mkutano hauambiwi tena kwamba ulifanyika. Utasikia kwamba "ulichukua nafasi". Waziri habuni mpango. "Anakuja na" mpango. Herufi haziwakilishi kitu. "Zinasimama kwa" kitu. Nyuma ya kila kauli ya namna hiyo amesimama Mwingereza na kijineno chake. Mtu asiyejua jinsi lugha mbili zinavyotofautiana huziharibu zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo walimu wa Kiswahili nao wana haja na jambo hili.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu ya umri ambapo mtoto wetu huanza kulikabili. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976, sera yetu imekuwa kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia darasa la nne Kiingereza kishike usukani. Mtaala wa umilisi nao umeufuata mpango huo huo. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kidigo hukutana na vitenzi hivi katika vitabu vya Sayansi na Hisabati kabla hajakutana navyo katika somo la Kiingereza. Huamrishwa "work out" hesabu, afanye "find out" jambo fulani, aeleze mmea "unavyo-give off" hewa. Baadaye, katika Historia na Jiografia, ataamriwa "account for" tukio fulani, naye anajua "account" kuwa ni ile ya benki. Wenzetu Watanzania, ambao shule zao za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, wanalijua genge hili vizuri. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka wa 1984 ulionyesha kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari nchini humo hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kujifunzia masomo mengine. Mtihani wa sayansi katika hali hiyo hugeuka kuwa mtihani wa Kiingereza uliovaa koti jeupe la maabara.

Tufanye nini basi? Kwale yetu imewahi kutoa funzo ambalo wengi wamelisahau. Katika miaka ya 1980, wilaya hii ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo pampu ya mkono ya Afridev ilifanyiwa majaribio na kuboreshwa. Pampu za kabla yake zilipoharibika, wanakijiji walilazimika kusubiri fundi aje na lori kutoka mjini, na wakati huo akina mama wakirudi mtoni. Waliobuni Afridev walianza na swali tofauti: pampu hii ikiharibika, akina mama wenyewe wataweza kuifungua na kuitengeneza kwa vifaa vichache? Jibu lilipopatikana, pampu hiyo ilienea nchi nyingi za Afrika na Asia. Nashauri tukifundishe Kiingereza kama tulivyojengewa pampu. Mwanafunzi asipewe tu orodha ya maana iliyofungwa, akasubiri mwalimu kila inapomkwamia. Apewe vifaa vya kuifungua mwenyewe.

Vifaa hivyo si ghali. Mwalimu wa Kiingereza aache kufundisha vitenzi hivi kwa alfabeti, avifundishe kwa kijineno: wiki moja iwe ya "down", nyingine ya "up", wanafunzi watafute wenyewe njia inayounganisha maana zake. Mwanafunzi asiandike katika daftari lake neno peke yake na maana moja mbele yake. Aandike sentensi nzima, na chini yake aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kidigo, kilichotokea katika sentensi hiyo. Mwalimu wa Sayansi atenge dakika tano kila mada mpya kuvitaja vitenzi vya jikoni vilivyojificha ndani yake. Naye mwalimu wa Kiswahili, anapofundisha mnyambuliko wa vitenzi na nahau, awaonyeshe wanafunzi kwamba somo hilo ni ufunguo wa mlango wa jirani pia.

Watunga mitihani nao wana wajibu wao. Ikiwa swali linapima sayansi, lugha yake na iwe nyepesi kadiri iwezekanavyo. Swali lile la mpwa wangu lingeweza kuuliza tu jinsi wanga unavyobadilishwa kuwa sukari mdomoni. Mtahini asingepoteza chochote, na kijana yule angeeleza alichokijua. Asiyejua bado angeshindwa, na hiyo ndiyo haki.

Nasisitiza kwamba sipendekezi Kiingereza kitupiliwe mbali. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitambua pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mtoto wa Kikoneni anakihitaji kama wa Nairobi anavyokihitaji. Ninachokataa ni desturi ya kumwingiza mtoto katika lugha hiyo kwa kumwambia aache mlangoni yote anayoyajua. Mimi mwenyewe nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kidigo uwanjani. Hakuna hata kitenzi kimoja cha Kiingereza nilichojifunza kutokana na kibao kile.

Kabla ya kuagana na mpwa wangu tulikaa chini ya mwembe, tukachora ardhini kwa kijiti. Upande mmoja tuliandika nazi, ungo, jungu, ahadi, Bunge na mbavu. Upande wa pili tukaandika gari, mlango, mazungumzo, wanga na karo. Alizitazama safu zile mbili kwa muda mrefu. Kisha akaichukua ile karatasi yake ya Bayolojia, akalisoma upya swali lililompa sifuri, akaandika jibu sahihi pembeni kwa Kiingereza, bila kuniuliza neno. Sifuri yake haikufutika, kwani mitihani haina msamaha wa namna hiyo. Lakini niliona jinsi mabega yake yalivyoinuka.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba yangu alifariki kabla sijampa jibu la swali lake, nami ningependa kulitoa hapa, kwa faida ya wazazi wengine waliopata kusimama mbele ya dirisha la karani wakiwa na fedha pungufu na kanzu safi. Mzee wangu, karo haikuwa imevunjwa wala kushushwa. Iligawanywa tu katika mafungu yake. Kilichovunjwa siku ile ni moyo wako, na kosa halikuwa lako.